Lawama Niliyokutwika

Lukozi, Lushoto
19 Juni

Kwa kaka yangu Kristian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mafinga, wewe na wifi Janeth na watoto. Sisi huku tupo, Mungu anatutunza. Baridi ya mwaka huu ni kali, ukungu unakaa mpaka saa nne. Karoti zimekubali, ila kabichi wadudu wametangulia kuzila. Mjomba Edgar anakusalimu, mguu wake umepona na ameanza tena kugombana na majirani.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Naomba tu usome mpaka mwisho, hata ukisoma kwa siku mbili.

Nianze na Mama. Unakumbuka kikohozi kilimwanza baada ya Pasaka ya mwaka jana. Zahanati walimpa dawa, kikapoa, kikarudi. Makohozi yakapimwa kifua kikuu, hakuna. Mwezi wa sita akapigwa picha ya kifua, daktari akaona doa kwenye pafu la kulia, akatuandikia karatasi twende Moshi haraka. Tulikwenda mwezi wa tisa. Huko wakamtoa kinyama kwenye pafu, kikapelekwa kupimwa, na mwishoni mwa mwezi wa kumi tukaitwa kusikiliza majibu.

Aliyetupa majibu ni daktari mmoja msichana, anaitwa Rahma, mzaliwa wa Mlalo. Alipogundua sisi ni Washambaa aliacha Kiswahili, akamweleza Mama kwa lugha ya nyumbani. Alisema kila chembe ya mwili imebeba maagizo ya mwili mzima, ila hayasomwi yote kwa pamoja. Kuna vinasaba vinavyoamuru chembe ikue na kugawanyika, na kuna vingine vinavyoiambia sasa inatosha. Kwa Mama, kinasaba kimoja cha kuamuru kukua kimeharibika, kinaamuru usiku na mchana, na vile vya kukituliza vimenyamazishwa.

Mama akauliza kama ni sawa na mtu aliyefungua lango la mfereji wa kumwagilia kwenye zamu yake, akaenda zake gulioni bila kufunga. Daktari akacheka, akasema ndivyo hasa, mama, na sasa bustani inaoza kwa maji. Kisha akasema ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, kwa hiyo kuuondoa wote haiwezekani tena, lakini vipo vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya lango hilo moja, kulifunga hilo tu na kuacha mengine.

Vidonge alivianza mwezi wa kumi na mbili, wewe ulikuwa umeshaondoka. Kaka, ungemwona! Kwanza vilimtoa vipele usoni, akasema amerudi kuwa msichana. Kufika mwezi wa pili alikuwa anapanda kilima kwenda kanisani kwa miguu yake, na siku ya Mitende aliimba na kwaya ya akina mama beti zote. Nilikaa kiti cha nyuma nikalia kama mjinga.

Lakini tangu mwezi uliopita pumzi imepungua tena. Daktari Rahma anasema saratani hujifunza. Ukiifungia njia moja, hutafuta ya kuchepuka. Wanataka kumpima upya wajue imepita wapi. Huenda kuna kidonge kingine cha kuifunga na huko, huenda hakipo. Hakutudanganya. Tunakwenda Moshi tarehe mbili Julai.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ulipokuja kumwona Mama mwezi wa kumi na moja, ulitoka uani kuvuta sigara, na mimi nikakufuata. Mjomba Edgar alikuwepo, na jirani yetu Mwanaidi alikuwa ameleta uji. Nilisema mbele yao, "Vuta, Kristian. Ndizo hizo zilizomuua mama yako, bado kumzika tu. Miaka yote umekaa naye jikoni unampulizia moshi." Ulikanyaga kile kipande kwa kiatu, ukaingia ndani kumuaga Mama, ukachukua begi. Mjomba aliniambia siku ile kwamba nimesema neno lisilo na njia ya kurudi. Nikamjibu kuwa ukweli ndivyo ulivyo.

Haukuwa ukweli, kaka, na nilijua.

Siku ile ya majibu, Mama alipotoka kwenda msalani, nilimwuliza daktari kuhusu sigara zako. Nilitaka aseme ndiyo. Alisema moshi ni mbaya kwa kila mtu, na kwamba ukiweza kuacha, uache. Ila aina hii iliyompata Mama, yenye kinasaba hiki, huwapata zaidi watu ambao hawajavuta kabisa. Alisema, "Siwezi kuapa juu ya mtu mmoja, lakini msimtafute wa kumlaumu nyumbani kwenu." Wiki mbili baadaye nikakulaumu wewe.

Nitakwambia kwa nini. Ile karatasi ya kwenda Moshi haraka tulipewa mwezi wa sita. Niliikunja nikaiweka kwenye Biblia. Kabichi zilikuwa tayari, lori lilikuwa linakuja, nikasema wiki ijayo. Kisha ikawa karoti. Mama mwenyewe alisema ni baridi tu, nami nikapenda kumwamini. Miezi mitatu, kaka. Daktari aliponiuliza kwa nini tulichelewa, nilimwambia barabara ilikatika kwa mvua. Alipotaja mifupa, nilijua ni mimi. Sikuweza kuubeba mzigo ule peke yangu, na wewe ulikuwa umesimama pale na sigara mkononi.

Ningeendelea kunyamaza. Ila Jumapili iliyopita nilimsikia Mama akisali chumbani. Alikuwa anamwomba Mungu akusamehe wewe kwa ugonjwa wake, na asikuache uhuzunike sana. Kumbe alinisikia siku ile, na aliamini.

Nikaingia nikamwambia yote, karatasi na Biblia na barabara isiyokatika. Alikuwa anachambua maharage. Alichambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Basi miezi yote hii nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea." Nikamwuliza kama na mimi atanisamehe. Akasema, "Wewe mwanangu, utanisubiri kidogo. Kwanza mwandikie ndugu yako. Usimpigie, atakukatia. Barua mtu hata akiitupa, huirudia."

Kwa hiyo nimeandika. Sikuombi unisamehe kabla ya Mama, nitasubiri zamu yangu. Naomba uje kabla ya tarehe mbili, usafiri naye wewe. Anasema anataka akae karibu na dirisha, na wewe ukae upande wa pili, na mimi nibaki nichunge kuku. Nimekubali.

Msalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mjomba nimeshamwambia ukweli, na Mwanaidi pia, uani pale pale. Mungu akulinde njiani.

Mimi mdogo wako niliyekukosea,
Dorkasi