Alama Mbili Kwenye Spoki

Jumamosi, 14 Machi

Nisipoandika nitapasuka.

Nimezamisha gari la Baba.

Si lote. Maji yalipanda mpaka juu ya boneti — basi, yametosha. Nilikuwa natoka hospitali ya ng'ambo na karatasi yake mfukoni: namba kumi na saba, Ijumaa tarehe 20, afike kabla ya saa sita mchana. Madaktari wa macho wakimaliza Ijumaa wanafunga mizigo. Watarudi lini? Nesi wa dirishani alicheka tu. Jicho la kushoto la Baba lilishakufa. La kulia linaona mwanga na vivuli, na daktari alisema wazi mwezi uliopita: hili halina mwaka mwingine.

Daraja lilisombwa tangu mvua za kwanza, tunavuka ndani ya mto. Pale kivukoni kuna jiwe kubwa jeupe. Baba alinifundisha: likionekana nusu, vuka. Likionekana chini ya nusu, zima gari, kaa, ngoja. Leo lilikuwa chini ya nusu. Chini kidogo tu! Nikajiambia ni nusu. Furaha ya karatasi ilishanipanda kichwani.

Katikati ya mto gari likatumbukia shimoni. Wimbi likapanda boneti. Injini ikakohoa mara moja, kimya. Maji yanaingia mlangoni, viatu vinaelea.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sheria ya kwanza ya Baba, aliyonipa kabla hajanifundisha hata gia: gari likizimika majini, usiguse swichi. Maji yakishaingia kwenye injini hayabanwi kama hewa. Ukipiga stata, pistoni inagonga maji, na konrodi — ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni — unapinda. Naijua sheria hii kama jina langu.

Nikapiga stata. Mara mbili. Ya pili ikasema KO! ikagoma.

Dereva wa trekta la shamba ndiye aliyenivuta. Tunamwita Kelele kwa sababu haongei. Alikuwa kasimama ukingoni muda wote, kwa hiyo alisikia. Alifunga mnyororo, akavuta, hakusema kitu.

Nyumbani Baba alijua kwa mlio wa trekta. Hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza: uligusa swichi?

Nikasema hapana.

Ilitoka yenyewe! Akashusha pumzi, akacheka kabisa. Akamwambia Mama: ndugu zangu walisema mtoto wa kike atalala na gari mtoni. Haya, kalala nalo, lakini mkono kautuliza!

Chakula kimenishinda.


Jumapili, 15 Machi

Tumeanza kufungua. Yaani mimi nafungua, Baba kakaa juu ya kreti mbele ya bampa anatoa amri. Chujio la hewa: limejaa tope. Kijiti cha kupimia oili: kimetoka cheupe. Nimelegeza nati ya chini, oili ikashuka kwenye beseni imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Mama akapita, akachungulia. Chai hiyo mtakunywa wenyewe, kasema.

Kisha Baba akataka kupapasa bomba la hewa, lile linalopanda pembeni ya kioo ili injini ivute hewa juu ya maji. Alilitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya maji ya nyumba, enzi macho yake yote mawili yakiwa hai, na mtu akilicheka anakosana naye. Vidole vikafika kwenye kiungo. Pamefunguka.

Akasema: basi ni mimi. Maji yamepitia kwenye kazi yangu. Wewe huna kosa, mwanangu.

Nilijifanya natafuta spana namba kumi na saba. Ilikuwa mkononi mwangu.


Jumatatu, 16 Machi

Siku mbaya kuliko Jumamosi.

Tumetoa nozeli zote nne, zile zinazopulizia mafuta kwenye silinda. Nozeli ikitoka linabaki tundu linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye pistoni. Nikafunga spana kwenye krenki, ule mhimili wa chini unaopandisha pistoni, nikaizungusha injini kwa mkono. Maji yakaruka matunduni mpaka kwenye bati la banda! Baba akapiga makofi — toka, toka, usirudi! Mama akauliza jikoni kama tumeanza maombi.

Tukaja kwenye kipimo. Hiki ni cha Baba, sijakiona gereji nyingine. Unachukua spoki ya baiskeli, unaitumbukiza kwenye tundu la silinda ya kwanza, unazungusha injini polepole mpaka pistoni ifike juu kabisa. Pale spoki inapolingana na mdomo wa tundu, unakwaruza alama kwa tupa. Unahamia ya pili, ya tatu, ya nne, kwa spoki ileile. Konrodi zote zikiwa zimenyooka, alama zote zinaangukia mahali pamoja. Ukimaliza una alama moja. Ukiwa na mbili, kuna iliyopinda ikafupika.

Silinda ya kwanza, nikakwaruza. Ya pili, tupa ikaingia palepale. Ya tatu — spoki ikazama zaidi. Nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Ikazama vilevile, unene wa kucha. Mkono ukakwaruza kwa mazoea kabla kichwa hakijauzuia. Ya nne sawa na ya kwanza.

Alama mbili.

Baba akauliza ngapi. Nikasema moja.

— Lete niipapase.

Nikasema imenidondoka. Na nikaidondosha! Pembeni kuna pipa la oili chafu, nikaiachia humo, tukaisikia wote wawili inavyotumbukia. Akasema haidhuru, wewe ndiye macho yangu, ukisema moja ni moja.

Najitetea hapa, maana hapana wa kunisikia. Konrodi mpya ni ya kuagiza, wiki mbili ikiwahi. Nikisema ukweli Baba hapandi gari hili, na Ijumaa haingoji mtu. Kwa hiyo nimesema uongo kwa ajili ya jicho lake.

Mwongo mkubwa mimi! Nimeogopa uso wake. Hilo tu.


Jumanne, 17 Machi

Asubuhi nimemkuta Baba bombani anajisugua mkono kwa sabuni mpaka begani. Nikamuuliza vipi, akasema joto.

Saa nne akaja Kelele. Shikamoo, fundi. Marahaba. Akakaa kwenye kreti. Leo ndiyo leo, nikajua atanichoma kwa Baba.

Hakunichoma. Alisema kesho trekta linavuka kwenda kulima ng'ambo, halirudi mwezi huu. Mzee akipenda, nafasi ipo kwenye tela, atamshusha hospitali kabisa, akae humo wodini mpaka Ijumaa. Sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Na aliposema aliniangalia mimi, si Baba.

Baba naye akanigeuzia uso.

— Fundi, unasemaje? Gari letu ni la kuaminika, au niende na tela?

Alisema polepole. Aliningoja. Njia ilikuwa wazi, ningesema tu, Baba, nenda na trekta, nitakueleza sababu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

Nikasema gari litakuwa tayari Alhamisi.

Baba akapangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi. Akamwambia Kelele: umesikia mwenyewe. Nina gari na nina dereva. Ahsante sana, mwanangu.

Mama kawaka. Mtu kabakiwa na jicho moja na bado anachagua usafiri! Kaondoka na ufagio wake, hatujasemeshwa mpaka sasa.


Jumatano, 18 Machi

Trekta limepita saa mbili asubuhi. Baba alikuwa kasimama getini tangu saa moja. Lilipopita alipunga mkono. Akaendelea kusimama mpaka mlio ukapotea kabisa upande wa mto, na bado hakuondoka.

Nilimwita chai mara tatu.

Nimesafisha tangi la mafuta. Maji yalikuwemo, nusu kikombe.


Alhamisi, 19 Machi

Oili mpya ya kwanza tumeimwaga, ilikuwa ya kuoshea. Ya pili ndiyo ya safari. Kiungo cha bomba la hewa nimekifunga kwa mpira wa tyubu na klipu mbili, Baba kakivuta kwa nguvu zake zote, kimekaa. Nozeli zimerudi. Tumetoa hewa kwenye pampu ya mafuta. Saa nane mchana akasema washa.

Moshi mweupe banda zima! Ikatapatapa, ikataka kufa, ikashika. Mama akasahau kwamba katununia, akapiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi.

Lakini chini ya mlio ule kuna kingine. Ko — ko — ko. Kidogo, kama mtu anagonga meza kwa kidole cha kati.

Nikaomba Mungu azibe masikio ya Baba. Baba akaomba bisibisi ndefu. Ncha kaiweka kwenye injini, mpini sikioni, ndivyo wasikilizavyo mafundi wote. Silinda ya kwanza, akapita. Ya pili, akapita. Ya tatu akakaa. Akakaa! Nilihesabu pumzi zake. Ya nne, akapita.

— Zima.

Nikazima. Akasema kesho saa mbili tunatoka, na nisiikanyage sana. Basi. Akakaa kufuta vifaa kimoja kimoja na kuvipanga sandukuni. Hakuuliza kitu chochote.

Nikaenda kuchungulia pipa la oili chafu. Nimekoroga kwa fimbo mpaka chini. Spoki haimo.


Ijumaa, 20 Machi

Saa tatu na nusu. Tuko ukingoni. Daftari liko juu ya usukani, sina pengine pa kuweka mikono.

Tumefika mtoni bila kuzimika. Ko-ko-ko njia nzima, mlimani ikizidi. Kutoka ng'ambo hadi hospitali ni saa moja na nusu. Tukivuka kabla ya saa nne na nusu tunawahi. Ilinyesha milimani jana. Mtu wa kutuvusha hapa hapana, mtumbwi haukai kwenye mawe haya.

Baba kavaa shati jeupe. Karatasi yake iko kwenye mfuko wa nailoni, kaibana kwapani.

Saa tatu na dakika hamsini. Lazima niandike hili, hata kama mwandiko unaruka.

Aliniambia niache injini ikitembea. Akatoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya dashibodi. Spoki. Imefutwa, inang'aa.

— Jumanne asubuhi, kasema. Nilitia mkono kwenye pipa mpaka begani. Vifaa vyangu navijua idadi yake, mama.

Akaichukua tena, akapitisha ukucha. Tik. Tik. Akanipa nizisikie alama mwenyewe, kana kwamba sikuzikwaruza mimi.

Nikalia. Sikujizuia. Nikasema yote, jiwe, shimo, stata. Ulipiga mara ngapi? Mara mbili. Ya pili ilisemaje? Ilisema ko. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu aliyoyategemea.

Hapo nikashikwa na hasira, sijui ilitoka wapi. Kama ulijua tangu Jumanne, kwa nini ulikataa tela? Kwa nini uliliacha trekta likaenda!

Akaichukua spoki mkononi mwangu.

— Nilikuuliza mbele ya Kelele, ukanijibu. Nikasema haya, kesho likipita atasema. Nikasimama getini nakungoja. Likapita. Nikasema bado, atatoka mbio alikimbilie. Hukutoka. Na mimi nikaona aibu kulipigia kelele lisimame, mtu mzima.

Akasema: wapumbavu wawili ndani ya gari moja. Tukacheka. Kicheko kibaya, kimoja kwa wawili, kikaisha haraka.

Saa nne na dakika tano. Ananieleza kama anavyomweleza mteja. Konrodi ile inaweza kuvuka mto huu mara kumi. Inaweza pia kukatika pale shimoni, nasi tukiwa ndani, na trekta liko ng'ambo linalima. Tukigeuza sasa, Mama atatutukana na jicho litafuata njia ya mwenzake. Kalisema hilo bila kutetemeka. Mimi nimetetemeka kwa niaba yake.

Halafu kasema: lakini hayo baadaye. Kwanza jiwe. Wewe ndiye unayeona. Linaonekana kiasi gani?

Kanigeuzia uso. Lile jicho la kulia liko wazi, linatafuta niliko.

Nikatazama. Ni nusu, ukitaka liwe nusu. Na mimi nataka! Nataka liwe nusu kuliko nilivyowahi kutaka kitu duniani.

Nikamwambia: chini ya nusu, Baba. Kidogo, lakini ni chini.

Akasema zima gari, tukae, tungoje. Nikamkumbusha kwamba likizimwa huenda lisiwake tena. Akasema anajua, ila bora ligome hapa ukingoni kuliko majini. Nimezima. Ko-ko-ko imekoma, sasa unasikika mto peke yake.

Saa nne na robo. Kashusha kioo chake, mkono kautoa nje, kautandaza kwenye hewa ya mto. Spoki kaishika kwa mkono mwingine.

Nadhani maji yanashuka. Nadhani! Kuna mstari mbichi juu ya jiwe ambao haukuwepo tulipofika. Nimemwambia mstari upo, unene wa kidole. Sikusema viwili.

Saa nne na dakika ishirini.

— Jiwe?

— Bado, Baba.