Kanga Wamevuka Ua

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Leo nimewafungulia. Kanga wote tisa! Tangu waje nimewafungia kwenye banda la waya, wapazoee, wajue hapa ndipo kwao. Kila wakila nawatikisia mkebe wa mtama kwanza, sauti iwakae kichwani. Leo nikasema bismillahi, nikavuta mlango.

Wakatoka mmojammoja, kama wageni wa harusi wasioijua nyumba. Wakasimama. Wakanitazama. Kisha—brrr!—wote hewani, juu ya ua wa makuti, kwa Bi Mweri!

Bi Mweri ni mjane kama mimi. Asubuhi auza mahamri na mbaazi hapo njia panda. Miaka yote hii tumeishia shikamoo na marahaba. Kichwa chake kikatokeza juu ya ua. Mzee Hamdun, ati, kanga mimi nazijua za kujifunga, hawa wa kuruka umewatoa wapi? Masikio yaliniwaka moto.

Mchana Afrah kapiga simu. Mwanangu wa pekee, karani wa mahakama kule Shanzu. Baba, hao si ndege wa porini? Kibali ninacho, nikamwambia. Watakukimbia, kasema. Kisha yale yale—mwaka ukiisha nihamie kwake, fleti ya ghorofa ya tatu, chumba ki tayari, mtu wa umri wangu hakai shamba huku Mtongwe peke yake. Nimesema tutaona. Hajui kwamba tangu mamake afariki nyumba hii imekuwa kimya hata nikikohoa najishtua mwenyewe. Khairiya wangu, Mungu amrehemu, alikuwa haishi kuimba jikoni. Ndio nikaleta ndege wenye kelele.

Jua likishuka nikatoka na mkebe. Nikautikisa. Kimya. Nikautikisa tena, kwa nguvu. Mara—kwe-kwee! kwe-kwee!—hao wanakuja mbio kwa miguu, safu moja, wanajipenyeza chini ya ua. Tisa! Wakala, wakarukia matawi ya mkanju, wakalala.

Nimeswali magharibi huku nacheka. Mungu anisamehe.

Jumapili, 7 Septemba

Wameamka kabla ya muadhini. Kaniuliza msikitini, Mzee, nani kaniajiria msaidizi? Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku mbaya. Wawili hawapo. Manyoya chini ya mkanju, damu kidogo kwenye majani. Kanu yule mla kuku, au paka mwitu.

Bi Mweri kaja kutazama. Leo hakutania. Kaonyesha kidole: tawi moja la mkanju limelalia paa la banda. Hiyo ni ngazi, ati, umemwekea mwizi. Nimelikata. Panga butu, mkono mzito—tawi likaniangukia begani. Baadaye nikaona kichupa cha mafuta ya nazi kimewekwa kwenye mti wa ua. Hakuniita. Mafuta yana karafuu. Bega lanukia.

Afrah sikumwambia. Akisikia atakuja na gari kesho.

Saba. Saba wanatosha kuanzia.

Jumanne, 30 Septemba

NIMEPATA KIOTA!

Kuna jike mmoja kila asubuhi anatoroka. Nikimfuata asimama, ajifanya anachakura. Nikigeuza shingo tu, hayupo. Mjanja kuliko mawakili wote wa Afrah! Leo nikalala kifudifudi ndani ya mihogo, kanzu imejaa mchanga, nikatulia mpaka akanisahau. Kumbe ni nyuma ya kisima cha zamani, chini ya kichaka. Kishimo kimejaa mayai rangi ya chai ya maziwa, magumu kama kokoto. Majike zaidi ya mmoja wanataga humo humo.

Kuinua kichwa—miguu. Bi Mweri! Kaniona kutoka kwake nimelala sitikisiki, kadhani nimekufa. Innalillahi alikuwa ameshaifikisha nusu.

Tumecheka mpaka akaketi chini.

Kisha tukabishana. Yeye asema kanga si mama, huwaburura wanawe kwenye umande mpaka wafe. Anaye kuku mweusi anayeatamia kikapu kitupu, tumpe yeye mayai yote. Mimi nikakataa. Yule jike kayaficha kwa akili yake, lazima abakishiwe. Nimeshinda—nusu kwa kuku, nusu kiotani. Tumeyachukua kwa kijiko, asisikie harufu ya mkono. Bi Mweri kasema nikiaibika nisimwite.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nacheka hata kalamu haitulii.

Wezi wa nazi wanajua Ijumaa wanaume tuko msikitini. Leo wawili wameingia kwangu. Mmoja kapanda, mmoja anaokota. Kanga wakawaona! Wakaja, wakauzunguka mnazi, wakapiga kelele—wallahi tuliisikia katikati ya hotuba. Imamu kainua sauti. Akaendelea.

Yule wa chini katimka. Wa juu akabaki huko huko, maana chini pamesimama Bi Mweri na upawa wake wa mbaazi, na kanga kumzunguka kama askari. Shuka mwanangu, anamwambia, usiogope, mimi mtu mzima, nitakupiga polepole.

Tukatoka msikitini umma mzima. Tukamkuta, mwanamume mwenye ndevu, ameukumbatia mnazi kama mtoto na mamake! Watu walitaka kumpiga. Bi Mweri akawazuia, aibu yamtosha. Kapelekwa kwa mzee wa mtaa.

Na nani kaja laasiri, mikono nyuma, sauti ya asali? Muadhini! Yuataka mayai, naye afuge. Nimemwambia nitafikiria. Ha!

Jumatano, 29 Oktoba

Vifaranga wametoka! Chini ya kuku mweusi. Mistari mgongoni kama tikiti maji, miguu myekundu, midogo, wanakimbia kabla hawajakauka. Kuku mwenyewe awatazama kama anayeuliza hawa ni wa nani.

Nilikimbia kumwita Bi Mweri bila viatu. Tukachuchumaa pamoja. Kifaranga kimoja kikapanda kiganja changu, kikahamia chake. Mkono wangu ulikuwa chini ya wake. Hakuutoa. Nami sikuutoa. Hata kifaranga kilipokwishateremka.

Mashallah.

Jumapili, 9 Novemba

Nina mengi. Niyaandike taratibu.

Mvua ya vuli imeanza asubuhi, ghafla, kama mtu amemwaga pipa. Nilikuwa barazani. Nikasikia jike akilia nyuma ya kisima—yule wangu, yule mjanja! Nikatoka na mwavuli, upepo ukauchukua. Nikamkuta ametandaza mbawa, na chini yake vifaranga! Wake mwenyewe! Wameloa, wengine wamelala ubavu.

Nilimwita Bi Mweri kwa sauti niliyosahau kuwa ninayo. Kaja, leso kichwani, maji yamtiririka. Tukawaokota, mimi kwenye kanzu, yeye kwenye leso. Jike anatupiga mbawa usoni, haogopi mtu. Tukaingia jikoni kwangu, tukawasha jiko la makaa, tukawafuta mmojammoja kwa tambara. Kimoja kilikufa mkononi mwangu. Wengine—walikuwa baridi kama samaki—wakaanza kutetemeka, kisha kulia, kisha kukimbiakimbia chini ya meza! Jike kaja mwenyewe mpaka mlangoni. Tukampa wanawe.

Bi Mweri kasema, Haya, kanga ni mama, nimekubali. Nilitaka kuruka.

Kisha akauliza huku anakamua leso, hakunitazama. Ukienda Shanzu, hawa unamwachia nani?

Nani kasema naenda?

Mtaa mzima umesema.

Mvua inapiga bati. Nikaona nikingoja mpaka iishe nitaogopa. Nikamwambia, Bi Mweri, ua huu ulio kati yetu una faida gani?

Kafikiri. Unazuia mbuzi.

Mbuzi huna. Nami sina.

Akacheka, kisha hakucheka. Akasema, Hamdun—Hamdun, hakusema Mzee!—nilishazoea kukaa peke yangu, sitaki kuzoezwa mtu kisha mwanawe aje amchukue kwa gari. Zungumza na Afrah kwanza. Akiridhika, ubomoe. Nitakusaidia kubeba makuti.

Nimelitamka! Umri huu! Nikamwomba Khairiya radhi moyoni, na moyo haukuniuma. Ulikuwa mwepesi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimempigia Afrah. Nimemuuliza habari za mahakama. Nimemuuliza habari za lifti yao, nikacheka peke yangu. Nimekata simu. Mwoga mkubwa mimi.

Ua nimefungua upande mmoja tu. Kwa ajili ya vifaranga.

Bi Mweri kaliona pengo. Kasema vifaranga wa siku hizi wanataka mlango mpana kweli.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika kitandani, mlango nimeurudisha. Afrah yupo!

Kaja bila kupiga simu. Nilikuwa barazani na fulana tu, nanywa kahawa. Bi Mweri yu uani na mkebe, anaita. Na kundi lote—wakubwa, wadogo, kuku mweusi katikati yao—wanamkimbilia yeye, wanamkanyaga miguu, naye awakemea kwa majina aliyowapa mwenyewe. Nami namtazama. Sijui nilikuwa na uso gani. Nikageuka, mwanangu amesimama langoni na mabegi mawili matupu.

Nikasema, Ngoja nivae shati. Nikakimbilia ndani. Shujaa wa Mtongwe!

Dirisha liko wazi. Nawasikia.

Afrah: Shikamoo, mama.

Marahaba, mwanangu. Karibu. Usimkanyage huyo mdogo.

Kanga wanadonoa. Kisha Afrah kasema alikuja kunifungasha. Lakini Jumamosi ile kwenye simu nilicheka, ati, nilicheka peke yangu bila sababu, na tangu mamake afe hajanisikia nikicheka. Usingizi haukumjia. Akasema mtu hacheki vile kwa ajili ya ndege.

 Nasikia mtama ukimwagika mkebeni.

Afrah: Mama, samahani nikikuuliza. Wewe wakaa upande gani wa ua?

Muulize babako. Yeye ndiye aliyeufungua.

  Kisha nasikia begi likiwekwa chini. Moja. Na la pili.

Baba!

Hiyo ni sauti ya karani anapomwita mshtakiwa. Lakini mwishoni imepanda kidogo, kama ya mtu anayezuia kicheko.

Baba, toka nje!

Naam! Shati nimelivaa. Vifungo vimekwenda kombo, basi. Natoka. Nitamwambia mbele ya Bi Mweri, nitasema—