Hedifoni za Mwalimu wa Kwaya

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimemkomesha mtu! Dereva wa lori kaja dukani amefura, eti hedifoni nilizomuuzia wiki jana hazisikiki kulia. Sikubishana. Nikamwambia azigeuze, ya kulia aivae kushoto. Bado kulia ndiko kimya. Basi bwana, nikamwambia, hedifoni zimehama, ugonjwa umebaki. Nenda kaoshwe sikio. Duka zima kicheko. Ndiyo maana wananiita Mama Masikio, sikupewa bure.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu wa kwaya kaleta kazi ya maana. Wamerekodi, na Jumamosi anachagua wimbo wa kupeleka mashindanoni. Anataka asikie kila sauti ilipokaa. Hedifoni anazo – kubwa, za studio, kaachiwa na marehemu kaka yake. Lakini kwenye pleya yake ya mfukoni zinanong'ona tu! Nikamweleza: hizi zinataka nguvu, na pleya hii ni nyonge. Ama abadili hedifoni, ama pleya. Za kaka yake haachi ng'o. Haya, kaniachia hedifoni na rekodi yao, nitamtafutia pleya inayozimudu.

Kanisifu mbele ya mdogo wangu, tunayeuza naye: kwingine wanauza, hapa wanasikiliza. Nilivimba kichwa, sikatai.

Jumatano, 5 Juni
Pleya ya kwanza: besi safi, lakini soprano, walio upande wa kushoto, wako mbali. Ya pili: vilevile. Ya tatu: vilevile! Mzigo mbovu huu. Nimempigia aliyetuletea, nikampa vidonge vyake. Anajitetea kwamba wa maduka mengine hawajalalamika. Hao wana masikio gani?

Alhamisi, 6 Juni
Zimeletwa pleya nyingine tatu. Kushoto bado. Nikabadili na hedifoni. Kushoto.

Mdogo wangu kavaa, kasikiliza wimbo mzima huku anatikisa kichwa. Anasema pande zote ziko sawa. Nikamwambia hajui kusikiliza. Kanuna mpaka tumefunga.

Ijumaa, 7 Juni
Sijui kwa nini sikufanya mapema. Au najua. Nimengoja mdogo wangu aende kunywa chai, nikazigeuza hedifoni.

Soprano wakaja kulia – wazi kabisa, kila mmoja! Na alto, waliohamia kushoto, wakafifia.

Nimeogopa. Naandika kama lilivyo: nimeogopa. Miaka kumi na tisa nakula kwa masikio haya. Na yule dereva nilimcheka mbele za watu.

Nilipomwambia mdogo wangu hakucheka. Wala ya jana hakunikumbusha.

"Dada, kesho asubuhi nenda ukapimwe," kasema. "Mwalimu niachie mimi."

Nikamwambia ampe ile pleya ya pili ya Jumatano. Besi yake haimezi sauti za kati, na inazisukuma zile hedifoni bila kuhema. Hilo nalisikia hata kwa sikio moja!

Jumamosi, 8 Juni
Naandika kwenye benchi hospitalini, nangoja karatasi ya majibu. Mdogo wangu kapiga simu: mwalimu kachukua pleya ya pili, wimbo ulipoisha alikuwa anafuta machozi. Si nilisema!

Mimi nilikuja na matumaini kwamba ni nta tu imeziba. Daktari kachungulia: sikio safi. Ningefurahi kuambiwa ni chafu.

Akaniingiza kwenye kijumba chenye kuta za sponji, akanivika hedifoni. Nikamuuliza kama zinaelewana na mashine yake. Akacheka, akasema zilinunuliwa pamoja. Afadhali. Kazi yangu ni kubonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Kulia nilibonyeza yote, mizito kwa myembamba, mpaka akasema hongera. Kushoto, mizito niliinasa pia. Moyo ukatulia. Akasema sasa tunakwenda kwenye myembamba.

Nikakaa sawa, kidole juu ya kitufe. Nikangoja. Yeye kainamia mashine yake. Nikangoja tena, kisha nikamwambia niko tayari, aanze tu.

Kaninyanyulia macho.

"Nimeshaanza, mama. Muda sasa."