Vimea vya Kilima Chetu

Jumatatu, 3 Machi
Forodha wameleta maboksi mengine manne waliyoyakamata. Vile vimea vinene vinavyofanana na vijiwe, mia tatu na ushei, vimeviringishwa kwenye soksi za watoto. Soksi! Wezi walikuwa wanavisafirisha kama zawadi. Nikamwambia dereva wao kitalu kimejaa, hata pa kukanyaga hakuna. Akasema yeye kazi yake kushusha tu. Nikapokea. Ningefanyaje?

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda mia na ishirini. Mgongo unawaka moto. Themanini vimeshaoza — ukivibinya vinatoa maji ya uvundo. Bosi kachungulia mlangoni, vingapi vitapona? Nusu, nikamjibu, tukibahatika. Akaandika "vingi", akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi
Kimoja nilikifuta vumbi ubavuni — alama yangu! Nukta tatu nyeupe, nilizozitia mwenyewe miaka tisa iliyopita kule kilimani. Kila mwaka nakipigia magoti na rula yangu. Mwaka mzima kinaongeza unene wa ukucha, basi.
Nilikaa chini mchangani na glavu zangu. Sikulia. Hata kulia ni kazi.
Kilima kile sijakitaja kwenye ripoti yoyote.

Ijumaa, 7 Machi
Mpelelezi kaja. Mpole, anapiga miayo kama mimi. Nikamwonyesha zile nukta na kumweleza kilima. Nani wanapajua mahali pale? Mimi, nikasema. Na mwalimu wangu wa chuo, sasa marehemu. Basi? Nikamwambia nitafikiri, aje Jumatatu.
Kufikiri nini! Kaka ndiye anayenipeleka kila mwaka kwa gari lake. Mimi napima, yeye ananichemshia chai.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwa kaka. Nikamuuliza wazi. Wifi akakusanya vikombe, akatupisha.
Eti walikuja vijana wawili, wana adabu, wakasema ni wanafunzi wangu. "Mdogo wangu, walikuwa na picha yako kwenye simu! Wanakusifu!" Akawapeleka mara moja tu. Hawakumtafuta tena.
Namwamini. Nadhani namwamini.
Akauliza, "Kwani kule vimebaki vingapi?"
Nilishindwa kumtazama.

Jumatatu, 10 Machi
Mpelelezi yuko kwa bosi, wanakunywa chai. Jina la kaka nimeliandika kwenye karatasi, nikaikunja mara nne. Sasa hivi kaka kapiga simu: yuko njiani, nisiseme neno kabla hajafika. Anakuja kusema mwenyewe, au kuniziba mdomo? Nikamuuliza. Simu ikakatika — au kaikata.
Viti vinasogezwa kwa bosi. Wanakuja. Karatasi bado iko mkononi.