Mama Byron, Uliyeleta Chanjo Katika Shamba la Kahawa

Mwaka umezunguka, Mama, tangu moyo wako uliposimama hapa nyumbani Kamenu. Bado watu wanabisha mlango: "Mtoto ana homa, Mama Byron yuko?" Tunawakaribisha, kisha tunawapeleka kliniki, maana ungetugombeza kama tungewapa chai tu.

Byron, kifungua mimba wako, hatukumjua. Surua ilimchukua kabla hajafika miaka miwili. Ulikuwa unachuma kahawa katika shamba moja Ruiru, na kila ulipoomba ruhusa ya kumpeleka chanjo, nyapara, Mzee Nzomo, alisema kahawa imeiva.

Baba hutusimulia kwamba ulipotoka matangani ulirudi shambani, ukasimama mbele ya wachumaji wote.

"Mzee Nzomo, mama akienda kliniki, unamkosa asubuhi moja tu. Mtoto akishikwa na surua, unamkosa mama huyo wiki nzima na zaidi. Mimi umenikosa mwezi. Shamba limepata faida gani?"

"Wakienda wote, nani atachuma?"

"Basi sista wa kliniki aje hapa. Tutachuma tukingoja zamu."

Nzomo akasema, "Mwite."

Sista Wangechi alikuja na boksi lake la barafu, akachanja watoto hapo kando ya mizani ya kahawa. Msimu uliofuata surua ilirudi. Katika mashamba jirani akina mama walilala wodini na watoto wao, kahawa ikakauka mitini. Kwenu watoto waliendelea kufukuzana kati ya vibanda. Hakuzikwa hata mmoja. Nzomo mwenyewe akaja mlangoni kwako, kofia mkononi: "Mama Byron, sista anarudi lini?"

Hukumcheka. Ulimpa kiti.

Baadaye ulizunguka mtaa wa Kiandutu ukiwa mhudumu wa afya, ukibishana na akina baba kuhusu chanjo hadi wacheke, wakubali. Ulipenda chai yenye sukari nyingi, na kanisani uliimba kwa nguvu kuliko kwaya. Ulichoka, lakini hukusema.

Mjukuu wako wa kwanza, Auma mdogo, aliyerithi jina lako, alizaliwa mwezi wa nne. Amepata sindano zote za umri wake. Alilia hadi kliniki nzima ikageuka, sista akasema mapafu yake yako sawa kabisa.

Unakumbukwa na mumeo Dalmas, wanao Maggie na Lenny, mkweo Eddie, dada yako Perez, na watu wazima wengi wa Ruiru na Thika uliowashika mikono wakidungwa walipokuwa watoto. Wako hai, Mama, nao wanawapeleka watoto wao kuchanjwa. Hatutakusahau kamwe.