Jiwe Ndani ya Mtungi

Jumatano, 19 Juni 2024

Nimeficha miaka sabini na tisa: jiwe lile sikuliokota mahali alipofia kaka yangu Seikichi. Nililiokota karibu na kisima chetu. Vita vilipokwisha Mama alitaka mifupa yake, sikuwa nayo; nikampa jiwe, nikisema nimelitoa alipofia. Akaliosha jiwe kama tuoshavyo mifupa ya wafu wetu, akalitia mtungini, kaburini. Kila Aprili ukoo mzima hulipelekea chakula. Na mimi ndiye wa kwanza kulisujudia!

Leo Bwana Uezu, mtafuta mifupa ya vita, ameanza kufukua handaki la kilimani. Lile lile.

Ijumaa, 21 Juni

Yasue, binti wa Seikichi, alipitia hapa akitoka kutoa mate ya kupimwa vinasaba — yatalinganishwa na mifupa itakayopatikana. Ana miaka themanini. "Baba mdogo, meno yote bandia," akacheka, "lakini mate bado ni ya baba!"

Nikacheka.

Niliwaambia wote kwamba Seikichi alipigwa risasi barabarani. Kwa nini basi atoe mate? Yasue anasema eti huwezi kujua.

Jumamosi, 22 Juni

Wamempata mtu mmoja. Uezu alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mzee, alikuwa palepale penye mlango uliozibwa. Mguu uliovunjika umefungwa gango la mwanzi. Vidole vimo kwenye kifusi — alikuwa anachimba atoke."

Gango lile nililifunga mimi.

Jumapili, 23 Juni

Siku ya kuwaombea wafu wa vita. Yasue yuko sebuleni, jiwe mapajani; amelitoa kaburini. "Baba mdogo, huyo akiwa baba, hili tulipeleke wapi?" Nimemwambia angoje. Naandika kwanza, nisije nikadanganya tena.

Mwaka 1945 Wamarekani walituita kwa kipaza sauti tutoke handakini. Seikichi, aliyekuwa askari, hakuweza kutembea; mimi nilikuwa mvulana tu. Nilimwambia: natoka, nitarudi na watu wa kukubeba. Nje, mkalimani akauliza kama kuna mwingine ndani. Tulikuwa tumefundishwa kwamba askari wetu wakikamatwa huchinjwa. Nikasema hakuna. Nilidhani wataondoka!

Wakaleta baruti.

Yasue anagonga. "Baba mdogo? Chai inapoa."

Mkalimani akarudia swali. Kifaru kilinguruma, hakusikia kitu. Mimi nilisikia — Seikichi aliniita kwa jina, mara mbili. Niliogopa wataniua kwa uongo wa kwanza.

Nikasema hakuna.