Nyama ya Mdogo Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Fittja, huku Stockholm. Bibi yako wa huku anakohoa kidogo; mimi bado nasafisha ofisi.

Umeniuliza babu yako, mdogo wangu, alikuwaje utotoni. Jana nilikula mkahawani peke yangu, nikajikuta nimesogeza nyama yote pembeni mwa sahani. Kwetu watoto tulikula sinia moja, nyama ikiachwa mwisho, na mkubwa ndiye aliyegawa. Mkubwa nilikuwa mimi. Babu yako nilimpa mfupa kila mara.

“Kaka, huyu ng’ombe hakuwa na nyama?” aliniuliza akicheka, nami nikaamini kicheko chake.

Nyama ya jana ilinishinda kumaliza. Jumapili ukimpikia babu yako, mwambie nimesema achague nyama yeye kwanza.

Babu yako wa Fittja